Mbeya hadi Kilwa Kisiwani: siku saba kuelekea Msikiti Mkuu

Mbeya mjini, Muislamu anayesali kuelekea Makka hutazama mlima Loleza, akigeukia kidogo kulia. Kwa dira ni kama digrii 12 kutoka kaskazini kwenda mashariki. Iringa ni kama digrii 8. Kilwa pembe hiyo imekwisha kabisa, kwa kuwa Kilwa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, na mihrabu (nafasi ya ukutani inayoonyesha kibla, yaani upande wa Makka) ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani imetazama kaskazini moja kwa moja. Hilo lishike mapema. Kwa kawaida watu wakizidi msikitini, ukuta wa kibla huachwa ulipo na jengo huongezwa kwa nyuma. Kwa hiyo Msikiti Mkuu husomwa kuanzia kaskazini kwenda kusini, kutoka ukongwe kwenda upya. Wageni wengi huingia kwa upande wa kusini, wakakutana kwanza na sehemu ya mwisho, wakaondoka wakidhani wameona jengo la zama moja.

Safari hii inapita njia ya Songea, Tunduru na Masasi. Ni zaidi ya kilomita 1,200, zote lami. Kupitia Dar es Salaam kuna mabasi mengi zaidi, lakini njia ya kusini ina faida moja kubwa: kuanzia Songea inafuata, kwa mwelekeo, ile njia ya misafara iliyounganisha Ziwa Nyasa na Kilwa. Elimu ya Kiislamu ilipanda bara kwa njia hiyo, na watu na pembe za ndovu wakashuka pwani kwa njia hiyo hiyo. Anayetoka Nyanda za Juu akiifuata kwa basi, hafiki Kilwa kama mgeni mtupu.

Kabla ya kukata tiketi, tazama kalenda ya Hijria. Pwani yetu bamvua, yaani maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, na maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, huja karibu na tarehe 8 na 22. Siku za bamvua maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kama saa 4 asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kama saa 4 asubuhi. Kila siku wakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Pangeni siku ya tano na ya sita ziangukie karibu na maji mafu, ndipo chombo kitawashusha asubuhi bila kukanyaga matope. Epukeni Machi hadi Mei, miezi ya masika.

Siku ya kwanza: Mbeya – Makambako – Njombe – Songea

Karibu kilomita 470. Basi la alfajiri huingia Songea mchana au alasiri, kutegemea vituo na mizani. Vaeni nguo nzito, maana baridi ya Makambako na Njombe saa 3 asubuhi bado ina meno, na hilo koti halitafunguliwa tena hadi siku ya kurudi.

Baada ya Chimala barabara inakata ukingo wa Usangu. Karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika huku kwa Merere, mtawala wa Wasangu, wakitafuta pembe za ndovu. Wenye misafara walikuwa na watu wanaojua kusoma na kuandika, kwa sababu biashara ya mkopo haiendi bila karatasi. Huko bara mwandishi wa msafara mara nyingi alikuwa yeye huyo huyo msomaji wa dua, mwandika hirizi na mwalimu wa alifu. Anayetafuta chanzo cha madrasa za Nyanda za Juu aanze kwa watu hao wasio na majina, kabla ya kuhesabu minara.

Makambako mnageuka kusini. Baada ya Njombe kuna miteremko ya Lukumburu, halafu Madaba, na hewa inaanza kupata joto.

Kuhusu sala: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Kilwa tangu zamani na ya Waislamu wengi wa nchi hii, safari ya marhala mbili, kama kilomita 82, inaruhusu kufupisha. Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili, Magharibi inabaki tatu, Alfajiri mbili. Ruhusa inaanza mkishatoka nje ya mji. Kosa la kawaida ni kufupisha stendi ya Mbeya kabla gari halijaondoka.

Siku ya pili: Songea – Namtumbo – Tunduru – Masasi

Asubuhi ipeni saa moja Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea watu 67, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa. Vita vya Majimaji vyenyewe vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, vikafika Ungoni na Ubena baada ya wiki chache tu. Maji, ile dawa ya vita hivyo, yalipanda njia ya Kilwa kwa kasi ambayo watawala hawakuitarajia, maana njia ilikuwa tayari imekanyagwa kwa vizazi. Baada ya vita na njaa iliyofuata, watu wengi wa kusini waliingia Uislamu, na wengine Ukristo. Misikiti mingi mtakayoiona leo dirishani, ya tofali za kuchoma na bati, imesimama juu ya historia hiyo ya karne ya 20, ingawa elimu yenyewe ilitangulia.

Kutoka Songea hadi Masasi ni karibu kilomita 460. Tunduru ni nchi ya Wayao, na Wayao ndio waliokuwa wenye misafara hodari wa njia hii. Walishuka pwani na pembe, tumbaku na watumwa, wakarudi na nguo, bunduki na chumvi, na baadaye wakarudi na walimu. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Uislamu ulikuwa umeshika sana kwao. Chuo cha kijijini, yaani madrasa, kilihitaji vitu vichache mno: ubao wa mti laini uliopakwa chokaa au udongo mweupe, kalamu ya tete iliyochongwa kwa mshazari, na wino wa masizi uliochanganywa na ulimbo wa mti. Mtoto huanza alifu kwa kijiti, akaja herufi zote, akaja irabu, akaunganisha, akaingia Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani, kwa kuanzia sura fupi za mwisho. Ubao ukishahifadhiwa unaoshwa, na somo jipya linaandikwa juu ya lile la jana. Mfumo huo hauchakai kwa safari: hauna jengo, hauna maktaba, mwalimu anaubeba kichwani. Ndiyo maana uliweza kupanda hadi huku kwetu wakati mawe ya Kilwa yalikuwa tayari magofu.

Lala Masasi. Mnaotembea na wazee msiunganishe hadi Lindi siku hiyo hiyo, hata mkiambiwa gari lipo.

Siku ya tatu: Masasi – Mnazi Mmoja – Lindi – Nangurukuru – Kilwa Masoko

Karibu kilomita 330. Njia panda ya Mnazi Mmoja ndiyo inayogawa magari ya Mtwara na ya Lindi. Hakikisheni kondakta anajua mnashukia wapi. Kutoka Lindi mabasi mengi yanaelekea Dar es Salaam, hayaingii Kilwa Masoko. Mnashuka Nangurukuru, halafu mnachukua gari dogo kwa kilomita kama 30 na kitu. Jueni pia kwamba barabara ya Nangurukuru kwenda Dar ilikatika eneo la Somanga kwa mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024. Anayepanga kurudi kwa njia hiyo msimu wa mvua aulize kwanza.

Sala tena: ratiba hii inaingia Kilwa siku ya tatu na kutoka siku ya nane, yaani siku nne kamili katikati, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka. Kwa Shafi, aliyenuia kukaa siku nne kamili amekwisha kuwa mkazi, anasali kamili tangu anafika. Mkifuta siku ya Songo Mnara mkatoka siku ya saba, zinabaki siku tatu kamili na ruhusa ya kufupisha inaendelea. Amueni nia mkiwa njiani.

Siku ya nne: Kilwa Kivinje, na kibali

Kilwa ni tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu hadithi nyingi. Kisiwani ni mji wa kale, wa msikiti. Kivinje, upande wa bara kaskazini, ni mji wa karne ya 19, bandari kubwa ya misafara ya Nyasa. Masoko ndiyo makao ya wilaya ya leo, na ndiko kwenye gati.

Kivinje nyumba za mawe zinaanguka zikitazamwa. Hapa ndipo watu wa bara waliotembezwa kwa majuma mengi walipoona bahari kwa mara ya kwanza, na wengi wao hawakuirudia njia. Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari mwaka 1873, lakini biashara ya magendo iliendelea baada ya hapo. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga hapa Hassan bin Omari Makunganya pamoja na wenzake. Mahali hapo panaitwa Mwembe Kinyonga hadi leo.

Rudini Masoko kabla ofisi ya hifadhi haijafungwa. Kibali cha kwenda Kisiwani hutolewa huku bara, na bila karatasi hiyo mtarudishwa gatini. Kila jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ada hubadilika, na ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo ulizeni siku hiyo hiyo na daini risiti. Ombeni muongozaji aliyezaliwa Kisiwani.

Siku ya tano: Msikiti Mkuu

Kutoka gati la Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2 za maji. Kwa tanga, upepo ukiwa mzuri, ni dakika 20 hivi. Kwa mashine ni nusu ya hapo. Kusi kikivuma sana mchana mkono wa bahari huchafuka, hivyo ondokeni saa 1 asubuhi. Maji ya kunywa, lita 2 kwa kila mtu angalau, yatoke Masoko. Viatu viwe vinavyovulika haraka.

Mtashukia karibu na Gereza, yaani ile ngome ya zamani. Lipiteni kwanza. Liko zima kuliko vingine na linavuta macho, lakini ni la mwisho katika hesabu. Nendeni moja kwa moja msikitini, mzunguke hadi ukuta wa kaskazini, msimame ndani, mgongo kwenye kibla. Hapo ndipo pa kuanzia.

Ukumbi wa kaskazini ni wa karne ya 11 au 12. Ulikuwa na nguzo 9 zilizogawa nafasi katika sehemu 16, na paa lake lilikuwa la bapa. Nguzo za kwanza zilichongwa kwa matumbawe, baadaye zikawekwa za mti. Hapakuwa na ua wa wazi katikati, tofauti na misikiti mingi ya Uarabuni ya zama hizo. Wote ulikuwa chini ya paa. Hilo ni jambo la hali ya hewa na la boriti. Boriti za mikoko hazifiki mbali. Chumba cha pwani kinachotegemea boriti kwa kawaida hakizidi upana wa mita 3 hivi. Fundi anayetaka ukumbi mpana hana budi kupanda msitu wa nguzo. Anayejenga Mbeya kwa mbao za misonobari na kenchi za mita 9 hana tatizo hilo, ndiyo maana misikiti yetu ni mipana na mitupu katikati.

Nani aliuanzisha? Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha historia ya mji kilichoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, inasema Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shiraz, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizungushia. Kila muongozaji atawasimulia hayo. Sehemu wanayoiruka ni hii: Tarehe hiyo hiyo inasema wageni walimkuta tayari Muislamu kisiwani, Muriri wa Bari, na msikiti ukiitwa Kibala. Kwa maneno ya wenyeji wenyewe, sala ilitangulia wafalme. Tunalitilia mkazo hilo kwa sababu hadithi ya Shiraz imetumiwa mno kuufanya Uislamu wa pwani kitu kilicholetwa chote kwa jahazi moja.

Sasa geukeni kusini mpite kwenye upanuzi. Ni mkubwa mara kadhaa kuliko ukumbi wa kwanza, na hapa paa linabadilika: badala ya bapa kuna kuba na matao. Uliagizwa mwanzoni mwa karne ya 14 na al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali wenye asili ya Yemen, aliyetawala takriban 1310 hadi 1333. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilikuwa inapita mikononi mwa Kilwa, na sarafu yake moja ya shaba ilikutwa mbali kabisa bara, Great Zimbabwe. Upande wa kusini mashariki kuna chumba chenye kuba kubwa, ambacho husemwa ndimo alimosalia mfalme. Kuba hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote Afrika Mashariki hadi karne ya 19.

Kituo cha elimu kilikuwa wapi? Msitafute jengo lenye jina la chuo. Darsa ilikuwa chini ya nguzo: mwalimu anaegemea, wanafunzi wanamzunguka, na nguzo nyingi maana yake ni halaka, yaani duara za kusoma, nyingi kwa wakati mmoja. Ushahidi wa elimu uko kwa watu. Tarehe ya Kilwa inasema al-Hasan huyu, akiwa kijana wa miaka 14, aliondoka kwenda Hija, akakaa Aden miaka miwili akisoma. Ibn Battuta, mwanasheria kutoka Morocco, alifika mwaka 1331 akitokea Mombasa. Aliwakuta watu wa dini, wa madhehebu ya Shafi, na kwenye baraza la mfalme akawaona masharifu, watu wa ukoo wa Mtume, wa Hijazi. Mogadishu alikuwa amekutana na mwingine aliyekuwa njiani kuja huku. Wanazuoni walijua Kilwa hupokea. Mfalme aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake.

Zawadi zenyewe zilikuwa nini? Ibn Battuta anasimulia fukara mmoja kutoka Yemen aliyemwomba mfalme nguo alizovaa. Mfalme akavua, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa 10, na mfalme aliposikia watu wakisifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Anasema pia mfalme alikuwa akivamia nchi za bara, na tano ya ngawira akiitenga kwa ajili ya masharifu. Msomaji wa Songea au Njombe asome sehemu hiyo taratibu. Ukarimu uliowavuta wasomi ulilipwa kwa watu na pembe kutoka bara. Haufuti elimu iliyosomwa chini ya nguzo hizi, wala elimu haiufuti.

Kosa moja la kusahihisha: mtaambiwa Ibn Battuta aliisifu kuba. Katika maandishi yake hakuna kuba. Anasema mji ni mzuri na umejengwa vyema, wa mbao, na nyumba zimeezekwa kwa nyasi. Yawezekana kabisa: majengo ya mawe yalikuwa machache, na mji wenyewe ulikuwa wa miti na udongo, ambao hauachi gofu.

Rudini kwenye nguzo za kusini mzitazame kwa karibu. Zilizosimama leo ni za pembe nane, zimejengwa kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Za al-Hasan zilikuwa za jiwe moja moja la matumbawe. Kilichotokea katikati ni anguko: paa liliporomoka, na msikiti ukakaa kifusi kwa miaka mingi, hadi enzi ya Sulaiman bin Muhammad, al-Malik al-Adil, takriban 1421 hadi 1442. Tarehe ya Kilwa inasema mtu mmoja mwenye mali aliomba ruhusa kuujenga upya kwa fedha zake, mfalme akampa mithkali 1,000 za dhahabu ili sifa iwe ya mfalme. Yule bwana akazipokea asije akakatazwa kujenga, akajenga kwa mali yake, na mfalme alipofariki akazirudisha kwa warithi. Kiufundi, mabadiliko ya nguzo yanajieleza. Jiwe moja refu la matumbawe lina vinyweleo na mishipa ya udhaifu, na kuba hailali tu juu yake: inasukuma pia kwa kando. Nguzo nene ya vipande, ikifungwa na chokaa nyingi, huvumilia kusogea kidogo bila kukatika.

Msiondoke kabla ya kuona mahali pa udhu: kisima, mabirika, na mawe ya mchanga ya kusugulia nyayo. Kibla kinaonyesha imani, ila hapa panaonyesha idadi na desturi ya kila siku. Watu walitoka shambani na baharini miguu ina tope, na mtu alifikiria hilo kabla ya kuwaalika ndani.

Siku ya sita: msikiti mdogo, Husuni Kubwa, na chokaa

Msikiti mdogo wenye kuba, hatua chache kutoka Mkuu, ni wa karne ya 15 na ndio uliobaki mzima zaidi. Una nafasi 9, tatu kwa tatu. Tazameni juu: baadhi ya bakuli za kauri zilizopachikwa darini bado zimo, na juu ya kuba ya kati kuna nguzo fupi ya pembe nane. Anayetaka kuelewa Msikiti Mkuu ulikuwaje ulipokuwa na paa lake lote, akae hapa kwanza.

Husuni Kubwa iko mashariki, mwendo wa kama nusu saa kwa mguu, juu ya jabali. Ni kasri la yule yule al-Hasan, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, na inaonekana halikumalizika. Maandishi ya jiwe yaliyokutwa hapa wakati wa uchimbuzi wa Neville Chittick, miaka ya 1960, yana jina la mfalme huyo. Linganisheni: kasri liliachwa, msikiti ulioanguka ukajengwa tena.

Alasiri itumike kutazama maradhi ya kuta, kwa kuwa wengi wa Nyanda za Juu wanaosoma haya ni wajenzi au wana misikiti ya kutunza. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa 2014 baada ya kazi ya kuimarisha kuta, kusafisha miti na kuzuia mawimbi. Adui wa kwanza ni mzizi. Mbegu ya mtini huota kwenye ufa wa upana wa kidole, na miaka michache baadaye imepasua ukuta. Ukiung'oa mzizi mkubwa kwa nguvu, ukuta huja nao. Hukatwa, hufa kwanza, ndipo ufa unajazwa. Adui wa pili ni bahari inayokula ukingo; mikoko iliyopandwa hupunguza nguvu ya wimbi kuliko ukuta wa zege uliowekwa peke yake. Adui wa tatu ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, chumvi inakuwa fuwele, na lipu inabanduka na ngozi ya jiwe lenyewe.

Dawa ni chokaa ile ile ya zamani. Tanuu hupangwa kwa magogo ya duara, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, likawashwa na kuachwa liwake hadi limalizike. Chokaa iliyotoka huzimwa kwa maji matamu, yasiyo ya chumvi, na kuachwa ilale kwa miezi. Anayeitumia wiki ile ile atapata lipu inayotoa malengelenge, kwa sababu punje ambazo hazijazimika huendelea kuvimba ndani ya ukuta. Kipimo cha kawaida ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga usiwe wa ufukweni, maana una chumvi. Lipu ifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa. Jua la Kilwa likiikausha siku moja, itakuwa unga.

Jioni, ukirudi kwenye chombo, sasa lifike Gereza. Wareno wa Francisco de Almeida waliivamia Kilwa Julai 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Jengo mnaloliona ni kazi ya Waomani wa baadaye, juu ya kile walichoacha Wareno. Dhahabu ilikuwa imehama, lakini kalamu haikukauka. Miongoni mwa barua kongwe za Kiswahili zinazojulikana ni za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na watu wa Kilwa, akiwamo Mfalme Fatima, malkia wake. Zimehifadhiwa Goa, India. Mji uliopoteza bandari yake bado ulikuwa na watu wa kuandika Kiswahili kwa herufi walizojifunza chuoni.

Siku ya saba: Songo Mnara

Kwa hili lazima chombo cha mashine, saa moja au zaidi kila upande. Magofu ni ya karne ya 14 hadi 16, yakiwamo misikiti mitano, na nyumba zake zinasomeka vizuri kuliko za Kisiwani. Maji yakijaa chombo hukaribia. Yakipwa mnavuka mikoko kwa miguu, tope hadi magotini, na wazee hawaiwezi njia hiyo. Tofauti ya maji siku za bamvua hupita mita 3. Kubalianeni na nahodha saa ya kuondoka kisiwani, muiandike, na muwe mmekwisha rudi pwani nusu saa kabla yake. Saa tatu zinatosha kuona misikiti yote mitano. Kwanza tafuteni mihrabu kila mnapoingia: ukuta ulio nayo ndio kaskazini, na kutoka hapo mtaweza kujielekeza bila dira.

Usiku huo lipeni nyumba ya wageni na mkate tiketi za Lindi. Gari la kwanza kwenda Nangurukuru linaondoka kabla ya jua, na ukilikosa, basi la kuelekea kusini huwa limekwisha pita njia panda.